Je, Mto Nile unaanzia Jinja?

Wengi nchini Uganda, pamoja na wageni wanaopanda boti Jinja kupiga picha, wanaamini kwamba Nile unazaliwa pale pale, kwenye chemchemi inayobubujika. Imani hiyo ina msingi: pale ndipo Ziwa Viktoria linapotoa maji yake, na halina mlango mwingine wa kuyatolea.

Lakini ziwa nalo linalishwa. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mto mkubwa kuliko yote inayoingia humo ni Kagera, ambao vijito vyake hutoka milima ya Rwanda na Burundi. Urefu wa Nile unaotajwa vitabuni, takriban kilomita 6,650, huhesabiwa kuanzia huko.

Jinja haipungukiwi heshima kwa hilo. Maporomoko ya Ripon yalizama bwawa la Owen Falls lilipojengwa, mwaka 1954. Ya Bujagali, ambayo Wasoga huyaheshimu kama makao ya mizimu, nayo yakafunikwa na bwawa jingine. Kwangu, historia hiyo inastahili kusimuliwa kwa watoto wetu kuliko habari za chemchemi. Na mafunjo ya Kagera na ya kingo za ziwa yalindwe kwa bidii ileile, kwa sababu huchuja maji yanayoelekea Nile.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tafuta Kasensero, nchini Uganda, karibu na mahali Kagera unapoingia ziwani, kisha fuata Kagera kinyume na mkondo: utaingia Tanzania, halafu utaambaa na mpaka wa Rwanda.