Pango la kambare si jumba: dhana potofu tunazojengea samaki wetu

Pango langu la kwanza lilikuwa paipu ya choo. Inchi nne upana, futi nzima urefu, wazi pande zote mbili. Niliiweka katikati ya tangi kama mtu anayempa mgeni chumba cha mbele. Dume wangu wa pleko akaipita, akaizunguka, kisha akaenda kulala nyuma ya hita. Miezi mitatu.

Ninayemzungumzia ni pleko mwenye ndevu, Ancistrus, kambare mdogo wa mito ya Amerika Kusini ambaye siku hizi hakosekani kwa wauza samaki wa mapambo hapa Nairobi. Hukua hadi sentimita 12 hivi. Dume huota ndevu nene juu ya pua. Jike hana, au ana chache fupi pembeni mwa mdomo. Mtoni, jike hutaga ndani ya tundu la gogo au mwanya wa mawe, akaondoka zake. Anayebaki kulea ni baba.

“Pango likiwa kubwa, samaki atastarehe”

Hili ndilo kosa mama, na mimi nililifanya. Tunajenga kwa jicho la binadamu anayelipa kodi ya bedsitter. Pleko hatafuti nafasi, anatafuta mlango anaoweza kuuziba kwa mwili wake. Akiuziba, mla mayai hapiti. Akiuziba jike akiwa ndani, jike hatoki mpaka atage, na wakati mwingine humshikilia humo siku nzima au zaidi. Tena pango likiwa jembamba, mapezi anayopepea yanasukuma maji moja kwa moja juu ya mayai. Kwenye paipu ya inchi nne angekuwa anapepea hewa ya mtaa.

Kipimo ni samaki mwenyewe. Urefu wa pango uzidi wake kwa sentimita mbili tatu. Upana uwe kiasi kwamba akifungua mapezi ya ubavuni kidogo tu yanagusa kuta. Kwa dume wa sentimita 12, hiyo ni kama sentimita 15 kwa 5, na nyuma pazibwe. Wengine huacha nyuma wazi eti pango lipumue. Kupumua ni kazi ya baba; tundu la nyuma kwake ni mlango wa pili wa kulinda, na yeye ana mkia mmoja.

Nilirudi kwenye duka la hadiwea kuomba kipande cha inchi mbili. “Ya maji ama ya kumwaga?” akaniuliza kijana wa kaunta. Nikamwambia ya samaki. Akaita wenzake waje kunitazama.

Paipu ya mviringo inafaa, lakini pleko ni bapa tumboni, na pango lenye sakafu bapa humkaa vizuri zaidi. Kama paipu yako ni ya PVC, ile plastiki ngumu, unaweza kuibapa kidogo kwa maji ya moto: huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Maji ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na bado yanatosha. Itumbukize paipu dakika chache, itoe ukiwa na glavu nene, iweke chini ya ubao na uukanyage mpaka ipoe. Usiipitishe juu ya moto wa jiko. PVC ikiungua hutoa moshi wenye tindikali, na huo utaanza na mapafu yako kabla haujafika kwa samaki.

“Plastiki ni sumu”

PVC ngumu ndiyo hiyo hiyo inayoleta maji ya kunywa kwenye nyumba nyingi. Kinachoumiza samaki ni ukingo uliokatwa kwa msumeno ukaachwa na meno. Upitishe tupa, kisha msasa, mpaka kidole kisikwaruzike. Jambo la pili ni kuelea. PVC huzama, lakini zile paipu za kijani za PPR na zile nyeusi za polithini huelea, nawe utarudi jioni ukute pango liko juu limegota kwenye kifuniko. Kata kipande kidogo, kitupe kwenye beseni, utajua papo hapo.

“Silikoni ni silikoni”

Siyo. Ukigundisha pango kwa silikoni, jua kwamba ile ya bafuni mara nyingi hutiwa dawa ya kuua ukungu, na hiyo dawa haifai ndani ya tangi. Tafuta silikoni tupu ya kioo, isiyo na dawa hiyo, na usilitie pango majini kabla harufu ya siki haijaisha kabisa. Mstari mnene unaweza kuchukua siku tatu. Inashika vizuri kioo, vigae na mawe. PVC haiishiki, itabanduka. Kuziba nyuma ya paipu, tumia kifuniko chake cha kusukumiza au bana jiwe humo.

“Jiwe lolote litafaa”

Vipande vya jiwe la Mazeras vinavyobaki fundi akimaliza kupamba ukuta ni bapa na ni vya bure ukiomba vizuri. Mimi nimejenga navyo vijisanduku viwili. Lakini kila jiwe lidondoshee siki kwanza. Likitoa povu lina chokaa, na litafanya maji yawe magumu pole pole. Hapo ndipo matumbawe aliyokuletea shangazi kutoka Mombasa yanapobaki kuwa pambo la meza. Maji ya bomba yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini. Ya visima virefu vya hapa mjini huwa na magadi na floridi nyingi, kwa hiyo ukinunua ya bauza, lile lori la maji, usidhani ni yale yale.

Vyungu vya maua vinavyouzwa kando ya Ngong Road vinafaa pia, mradi vimechomwa na havijapakwa rangi. Udongo uliokaushwa juani tu utageuka uji. Kifuu cha nazi kichemshwe mpaka kiache kutoa rangi nyingi. Mwanzi ni mzuri ila utaoza, na vanishi si dawa.

“Kambare wote hutaka pango”

Corydoras hugandisha mayai kwenye kioo na majani, hana habari na paipu yako. Pleko mkubwa wa kawaida, yule anayeuzwa akiwa kama kidole, hupita sentimita 40 na kwao huchimba mashimo kwenye kingo za mto, usijisumbue. Na hapa jirani, kwenye Ziwa Tanganyika, kuna gogogo aitwaye Synodontis multipunctatus ambaye hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea mdomoni. Mama wa watu huyabeba akidhani yote ni yake, na watoto wa gogogo wakianguliwa mapema huwala wenzao humo humo kinywani. Pango lake ni mdomo wa jirani.

“Baba hula mayai, mwondoe”

Ukimwondoa, umewaua. Mayai ni ya rangi ya chungwa, makubwa kama punje za mtama, yameshikana kama kichala. Huanguliwa baada ya siku tano hivi, kisha watoto hukaa humo wiki nyingine wakining’inia na viini vyao. Dume mchanga, au anayemulikwa tochi kila saa, anaweza kuyasukuma nje. Hapo yaweke kwenye kikapu cha wavu, mapovu ya hewa yakipita karibu. Stima ikipotea usiku wa Julai, funika tangi kwa blanketi na umwachie baba kazi.

Dume wangu hakupata mayai mara tu alipopata paipu ya inchi mbili. Aliingia siku hiyo hiyo, ndiyo, lakini jike alikuwa bado hajanenepa. Niliwalisha vizuri kwa wiki kadhaa, kisha Aprili, mvua zikinyesha, nikabadilisha nusu ya maji kwa maji yaliyokaa siku nzima klorini ikatoka, ya baridi kidogo kuliko ya tangini. Siku ya tatu nikaona mkia tu mlangoni, unapepea bila kupumzika.

Ile paipu ya choo iko kwenye balkoni. Nimeipanda dhania.