Modulasiyo ya analogi mu fibra optiki, ni nini ile?

Ukisema fibra, batu benyi banafikiria intaneti, zero na moja, basi. Lakini mu ile kamba ya kioo nyembamba sawa unywele unaweza pitisha pia signali ya analogi, ile yenye haigeuzwe nambari, inapanda na kushuka tu sawa sauti mu mikro. Modulasiyo njo kufanya mwangaza ufuate ile kupanda na kushuka.

Njia rahisi kabisa: unachanga signali pamoja na umeme wenye unalisha lazeri. Umeme ukipanda mwangaza unapanda, ukishuka unashuka, kule ng'ambo fotodiodi inaurudisha kuwa umeme. Wazo ni la zamani, mu 1880 Alexander Graham Bell na Charles Sumner Tainter walishatuma sauti juu ya mwangaza wa jua: sauti inatikisa kioo, kioo kinatikisa mwangaza.

Sasa problemu. Mutu wa Goma anajua sono ya kanisa siku ya Mungu, wa mikiseri anapandisha, mwimbaji naye anapiga kelele, bafle zinaanza kukwaruza. Lazeri nayo iko vile, kuko kiwango cha umeme, ukishuka chini yake inazimika karibu yote, kwa hiyo signali ikiwa kubwa sana mabonde yake yanakatwa. Dijitali inavumilia, juu inauliza tu kuko ama hakuna. Analogi haivumilie, kila kasoro yenye umetia njiani mwenye kupokea ataisikia.

Na ingine mbaya zaidi kwa mbali: ukichezesha umeme wa lazeri, rangi yake nayo inatikisika kidogo (rangi yenye macho yetu hayaone hata), na mu fibra ya kawaida rangi hazitembei mwendo moja. Kwa nanometa 1310 (njo urefu wa wimbi la mwangaza, ndiyo unaonyesha rangi yake) tofauti ya mwendo iko karibu zero. Kwa 1550, fasi yenye fibra inapoteza kidogo kabisa, karibu desibeli 0.2 kwa kilometa, tofauti njo inaumiza.

Dawa yake ni kuacha lazeri iwake bila kuiguza, mbele yake unaweka robine. Ile robine banaitaka Mach-Zehnder, mara nyingi ya kristali ya lithiamu niobati: mwangaza unagawanyika njia mbili, volti zinachelewesha moja, zikikutana zinasaidiana ama zinauana. Hii nayo haiko nyoofu, mustari wake wa volti na mwangaza ni wimbi, unaiweka katikati ya mteremko fasi iko karibu nyoofu, usiipige volti nyingi.

Televisheni ya kebo njo ilitumia sana hii mambo, chaneli nyingi, kila moja na masafa yake, zote zinapanda lazeri moja. Wengine banageuza kwanza signali kuwa FM kiisha ndiyo banaipeleka ku lazeri, juu mu FM habari iko mu haraka ya kutikisika, haiko mu nguvu, kelele na kukwaruza haviiharibu sana, lakini inakula nafasi kubwa ya masafa.