Wazee hawakukosa uaminifu, wamekosa imani

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia msemaji akieleza kwamba vijana huwashinda wazee kwa kununua bidhaa mtandaoni kwa sababu "wazee hawana uaminifu na mtandao". Alikusudia imani. Imani ni hali ya mnunuzi kukubali kulipa kabla hajaishika bidhaa, akitarajia kwamba hatadhulumiwa. Uaminifu ni sifa ya muuzaji asiyedhulumu. Kumwambia mzee aliyelipa madeni yake yote kwamba hana uaminifu ni kumvunjia heshima.

Mkanganyiko huu una chanzo. Maneno haya mawili, pamoja na amana, yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya usalama. Tamati -fu au -vu mara nyingi humtaja mtenda: msahaulifu ni anayesahau, mvumilivu ni anayevumilia, kwa hiyo mtu angetazamia mwaminifu awe yule anayeamini. Matumizi hayakwenda huko, bali yalifuata maana ya Kiarabu ya mtu anayeaminika, ile iliyomo katika Al-Amin, lakabu aliyojulikana nayo Mtume Muhammad kabla ya utume. Ndiyo maana kwetu mwaminifu ni mtu wa kuwekewa mali, naye anayeamini tukamtafutia jina jingine, muumini, ambalo limebaki zaidi upande wa dini.

Tofauti hii inaonekana wazi wakati wa kununua. Shangazi yangu, mwenye miaka 68, hutuma na kupokea fedha kwa simu bila kusaidiwa na mtu, ingawa maandishi madogo humchosha macho. Alipotumiwa picha ya kitenge, alimjibu muuzaji: "Mwanangu, mzigo ufike kwanza, niushike, ndipo nilipe." Alitaka kuusugua upindo kwa kidole kilicholowa maji aone kama rangi inachuja, jambo ambalo picha haiwezi kumwonyesha. Binti yake hutazama nyota alizopewa muuzaji, maoni ya wateja na idadi ya wafuasi, kisha hulipa papo hapo. Lakini nyota na wafuasi huweza kununuliwa. Huongeza imani ya mnunuzi bila kuongeza uaminifu wa muuzaji hata chembe.

Teknolojia iliyokabili tatizo lenyewe ni ya Alipay, mfumo wa malipo ulioanzishwa China mwaka 2004 kwa ajili ya wanunuzi wa Taobao, soko la mtandaoni: fedha ilishikiliwa kando mpaka mnunuzi athibitishe kwamba amepokea mzigo. Hiyo ni amana kwa maana yake kamili, na ndiyo haki ambayo shangazi alikuwa akiidai.

Kwa hiyo namwomba msemaji, atakaporudia hoja yake, aseme kwamba wazee wengi hawana imani na muuzaji wasiyemjua, na neno uaminifu alitumie anapomzungumzia muuzaji huyo.