Moshi Hauishii Kifuani: Maswali na Majibu Kuhusu Hewa na Moyo

Moshi na vumbi si huharibu mapafu? Moyo unaingiaje?

Damu yote inayotoka mapafuni huenda moja kwa moja kwenye moyo. Chembechembe zinazoumiza zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, unywele mmoja ni mnene mara 20 au zaidi ya hapo. Pua haizizuii, kikohozi hakizitoi. Hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na kuamsha uvimbe wa ndani (mwili ukijihami, si saratani) unaosambaa mwilini, na zile ndogo kupita zote huvuka zikaingia kwenye damu. Mishipa hukakamaa, presha hupanda, damu huganda upesi. Mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa wa moyo yakipasuka, damu huganda juu yake na mshipa ukaziba. Hilo ndilo shambulio la moyo. Mshipa ukiziba kwenye ubongo, ni kiharusi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, husababisha vifo takriban milioni 7 kwa mwaka. Kwa hewa ya nje, zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni vya moyo na kiharusi.

Kifua hunibana nikiwa kwenye moshi, nikipumzika kinaachia. Si moshi tu?

Hapana. Na hayo maneno, "ni moshi tu", natamani nisiyasikie tena. Nayasikia kwa wagonjwa waliokaa na maumivu siku tatu, nne, wakinywa dawa ya kikohozi. Kifua kinachobana ukifanya kazi ya nguvu na kuachia ukitulia kinaweza kuwa dalili ya mishipa ya moyo iliyosinyaa. Kuachia si kupona. Nenda ukapimwe moyo, hata kama leo umeamka mzima.

Na kisipoachia?

Hospitali, sasa hivi. Kifua kikiwa kizito au kikibana zaidi ya dakika tano, au maumivu yakienda mkononi, mgongoni au kwenye taya, au likikutoka jasho la baridi, au pumzi ikikatika, usisubiri uone. Usiendeshe gari mwenyewe. Wanawake, wazee na wenye kisukari wajihadhari zaidi, maana wao wanaweza kupata shambulio bila kuumwa kifua: uchovu wa ghafla, kichefuchefu, kukosa pumzi, basi.

Tukisubiri asubuhi kuna ubaya gani?

Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa ya kwanza, na uliokufa haurudi. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda husaidia zaidi saa za mwanzo. Zikipita saa 12, faida yake huwa ndogo sana. Usiku mmoja wa kusubiri unaweza kuzimaliza zote. Narudia: usisubiri asubuhi.

Maziwa husafisha moshi mwilini?

Hayasafishi. Maziwa huenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni na kwenye damu. Kinachoniuma ni ule muda unaopotea mgonjwa akisubiri maziwa yafanye kazi.

Mkaa uliokolea, usiotoa moshi, ni salama ndani?

Huo ndio hatari. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moyo hubaki ukisukuma damu isiyo na oksijeni ya kutosha, na moyo uliokwisha kuwa mgonjwa huzidiwa mapema. Msilale na jiko la mkaa ndani, wala jenereta. Nyumba nzima ikiumwa kichwa na kizunguzungu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, kisha hospitali.

Sivuti sigara, mume wangu ndiye huvuta.

Mama, moshi wake unaongeza hatari yako ya ugonjwa wa moyo kwa takriban asilimia 25 hadi 30. Kufungua dirisha hakutoshi. Avutie nje, na heri aache kabisa.

Siwezi kubadili hewa ya mji. Nifanye nini?

Toa jiko nje. Usichome takataka, hasa plastiki. Fanya mazoezi mbali na barabara yenye magari mengi. Barakoa ya kitambaa haizuii chembechembe hizi. Inayosaidia ni ile ya kuchuja, inayokaza usoni. Na dawa za presha usiziruke hata siku moja.

Nimepewa dawa ya kikohozi. Nimalize chupa kwanza?

Ikiwa ukilala chali unakosa hewa, miguu huvimba jioni, na ngazi chache tu zinakukata pumzi, huenda ni moyo unaoshindwa kusukuma damu. Usimalize chupa. Njoo leo, uje na chupa yenyewe tuione.