Mtoto amepona saratani. Na kizazi?

Siku ya kwanza wodini mzazi huwa na swali moja tu: mwanangu atapona? Swali la kizazi, yaani kama ataweza kuzaa, huchelewa. Mara nyingi linakuja kwa kuzunguka, daktari akiwa ameshashika kitasa cha mlango: "Dokta, na hizi dawa... huko mbele hazitamletea shida?" Wengine hawaulizi kabisa. Miaka kumi na tano baadaye anakuja mwenyewe, kijana mwenye mchumba, anataka kujua kama apeleke posa au asipeleke.

Kumjibu "ndiyo" au "hapana" papo hapo ni kubahatisha. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, si dawa moja. Chukua saratani ya Bakiti, ile inayovimbisha taya au tumbo, iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Mulago, Kampala. Dawa yake kuu mpaka leo ni siklofosfamidi, na hiyo ni ya ukoo wa dawa unaoongoza kwa kudhuru kizazi, pamoja na ifosfamidi, prokabazini na busulfani. Mtoto mwenye saratani ya figo iliyogunduliwa mapema, kwa upande mwingine, huenda akatibiwa kwa upasuaji na vinkristini na daktinomaisini, ambazo hatari yake kwa kizazi ni ndogo. Wote wawili mtaani wataitwa "waliopigwa kemo".

Kisha kuna kiasi. Kwa mvulana, kama jumla ya siklofosfamidi haikufika gramu 4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara nyingi uzalishaji wa mbegu hauathiriki sana. Kadiri inavyopanda juu ya hapo, ndivyo hatari inavyokua. Saratani ikirudi na matibabu yakaanza upya, hesabu haianzi sifuri. Inaendelea palepale ilipoishia.

Kwa wavulana kuna jambo linalozipotosha familia nyingi. Ndani ya korodani, seli zinazotengeneza mbegu ni dhaifu mbele ya dawa, lakini zile zinazotengeneza homoni ya kiume ni sugu zaidi. Hivyo kijana anaweza kuota ndevu, kukwaruza sauti na kuwa na nguvu zote za kiume, huku manii yake hayana mbegu hata moja. Nguvu na mbegu ni vitu viwili. Nyumba nyingi hazilijui hilo, ndiyo maana mimba ikichelewa anayezungushwa kwa waganga ni mke, wakati kipimo cha manii cha mume kingetoa jibu mapema.

Msichana ana hesabu nyingine. Huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, milioni 1 hadi 2, na akifika balehe yamebaki kama 300,000 au 400,000. Hatengenezi mengine. Matibabu yakila sehemu ya akiba hiyo, anaweza kuvunja ungo kama wenzake na kupata hedhi kila mwezi, kisha hedhi ikakoma akiwa na miaka thelathini na kitu. Hedhi kurudi ni habari njema, ila haisemi akiba iliyobaki ni kiasi gani. Binti wa namna hii asiambiwe asubiri tu, muda wake wa kuzaa unaweza kuwa mfupi.

Mionzi ya nyonga inaweza kudhuru ovari, vifuko vya mayai, na pia mji wa mimba, ambao baadaye hushindwa kutanuka vizuri. Mimba huweza kutoka au mtoto akazaliwa njiti. Kabla ya mionzi hiyo, ulizeni kama ovari zinaweza kusogezwa pembeni kwa upasuaji, na kwa mvulana, kama korodani zitakingwa.

Mvulana aliyebalehe anaweza kuhifadhi manii kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla ya dripu ya kwanza. Kwa msichana hukatwa kipande cha ovari na kugandishwa. Mjini Brussels mwaka 2014 alijifungua mwanamke mzaliwa wa Kongo ambaye ovari yake ilihifadhiwa kabla hajavunja ungo. Alikuwa na selimundu, si saratani, lakini dawa alizopewa kabla ya kupandikizwa uboho ndizo hizihizi. Kwa wengi wetu huduma hizo ziko mbali na ni ghali, na uvimbe wa Bakiti unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Matibabu hayasubiri. Kuuliza hakuchukui hata dakika tano.

Wapo pia waliojihesabu wagumba bila kipimo, wakaacha uzazi wa mpango, wakapata mimba wasiyoitarajia. Na watoto wanaozaliwa na waliopona hawaonekani kuwa na ulemavu wa kuzaliwa zaidi ya watoto wengine. Mjamzito aliyewahi kupewa doksorubisini, ile dripu nyekundu inayoweza kudhuru moyo, apimwe moyo mapema.

Siku ya kuruhusiwa, ombeni karatasi yenye jina la saratani, kila dawa na jumla ya kiasi chake, na sehemu iliyopigwa mionzi. Ipigeni picha, nakala moja ibaki kwa shangazi. Akishakua, apewe mwenyewe na aelezwe ni ya nini, kabla ya habari za uchumba.