Kanzu Ikishaungua, Kompyuta Hairudishi

"Mwalimu, si tutairekebisha kwenye kompyuta?" Kila kundi la wanafunzi wa chuo kikuu linalokuja Bagamoyo kwa mazoezi ya kupiga picha huniuliza hivyo. Mwezi huu nimeulizwa tena pale Ngome Kongwe, jua la saa saba likiwa utosini. Imani yenyewe ni hii: filamu ndiyo inayodai upime mwanga kwa makini, dijitali inasamehe. Si kweli. Kila moja inasamehe upande wake, na asiyejua ni upande gani ataharibu zote mbili.

Chukua mzee wa hapa, ngozi nyeusi, kanzu nyeupe, kofia ya vito, amesimama juani nje ya msikiti. Kati ya uso na kanzu kuna kama stopu tatu (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu yake), na jua la utosini likitia kivuli machoni zinazidi. Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu ni nini. Kila kinachokiona hukifanya kijivu cha kati, kile cha asilimia 18. Kanzu ikijaza fremu, kitabana mwanga na uso utazama gizani. Uso ukijaza fremu, kitaachia mwanga na kanzu itaungua, yaani itabaki nyeupe tupu bila mikunjo. Kamera mpya zinazotambua nyuso zinajitahidi, lakini nazo zinakisia.

Kwenye filamu ya negativu unapima kwa ajili ya vivuli. Pale ambapo mwanga haukutosha, hakuna chembe za fedha zitakazobaki baada ya kusafisha, na hakuna dawa itakayozileta. Upande wa juu ni tofauti: filamu hujaa polepole. Kanzu iliyozidishiwa stopu mbili bado ina mikunjo yake, na utaitoa kwa kuipa mwanga zaidi kwenye karatasi. Filamu ya slaidi, ile inayotoa picha moja kwa moja bila negativu, haina huruma hiyo, lakini tuiache.

Dijitali ni kinyume kabisa. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina kikomo cha mwanga, na ikifika hapo imefika. Mkunjo wa kanzu na kitambaa kilicholala vyote vinakuwa namba ile ile. Hapo kompyuta itarekebisha nini? Inaweza kuigeuza ile nyeupe iwe kijivu, basi.

Sasa kuna wanaonisikia hadi hapa tu, wakakimbilia kupiga picha za giza "kwa usalama". Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linasemwa kwa kujiamini. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga, na nusu yake nzima, 8,192, imo ndani ya stopu moja ya juu kabisa. Stopu inayofuata ina 4,096, na unaendelea kugawa kwa mbili. Uso wa yule mzee unaishi huko chini. Ukipunguza stopu mbili kwa woga, kisha ukauinua kwenye kompyuta, unainua chengachenga pamoja nao. Mpe mwanga wote unaoweza, mradi kanzu haijaungua. Na histogramu, ile grafu ya mwanga iliyo nyuma ya kamera, usiiamini kama msahafu: inatokana na JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera, hata kama unapiga RAW, kwa hiyo mara nyingi hulia moto kabla moto haujawaka.

Kuhusu chumba cha giza, kwa haraka: majedwali ya muda wa kusafisha filamu yanataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya pwani ni ya joto mno. Filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Joto likipanda muda hupungua, na chini ya dakika 5 dawa haienei sawasawa. Nunueni barafu.

Nilipo na shaka ni kwenye ngozi. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams, aliyeunda pamoja na Fred Archer karibu mwaka 1940 Mfumo wa Kanda, unaogawa mwanga kwa ngazi za stopu moja moja kutoka nyeusi hadi nyeupe, aliiweka ngozi ya Mzungu kwenye Kanda ya VI, stopu moja juu ya kijivu. Kampuni ya filamu ya Kodak nayo kwa miaka mingi ilipangia rangi kwa kadi za Shirley, zenye picha za wanawake weupe. Wanafunzi wangu wanameza kanuni hiyo na kuwapeleka wazee wetu Kanda ya VI. Uso unatoka umepauka, kanzu imekwisha. Mimi huanzia Kanda ya IV, stopu moja chini ya kijivu. Lakini uso wenye jasho hung'aa sehemu moja kwa stopu mbili kuliko nyingine, na hapo sijui nipime paji la uso au shavu. Ile mbinu ya kupima kiganja na kuongeza stopu moja, kwa kuwa viganja vyetu sote ni vyeupe kiasi, inanisaidia mara nyingi. Kwa viganja vya mvuvi aliyevuta kamba maisha yake yote siitegemei. Wanaofundisha Pangani au Kilwa, niambieni ninyi mnapima wapi.