Daktari bingwa wa tiba ya maafa: maswali na majibu

Ana tofauti gani na daktari wa kitengo cha dharura?

Wa dharura hujiuliza mgonjwa aliye mbele yake anahitaji nini. Wa maafa ana majeruhi mia na damu chupa kumi, kwa hiyo hujiuliza hicho kidogo kilichopo kimwendee nani ili wapone wengi zaidi. Idadi peke yake haitoshi kuitwa maafa: majeruhi 30 ni usiku mgumu kwa hospitali kubwa, lakini kwa kituo chenye wauguzi wawili ni maafa kamili.

Anasoma muda gani?

Shahada ya udaktari huchukua miaka 5 au 6 katika nchi nyingi, kisha utarajali, kisha ubingwa wa miaka 3 hadi 5. Wengi hutokea tiba ya dharura, ingawa wapo wapasuaji, madaktari wa usingizi na wa afya ya jamii. Mafunzo ya maafa yenyewe huja juu ya hapo, mara nyingi mwaka 1 au 2: sumu za kemikali, mionzi, magonjwa ya mlipuko kambini, uongozi wa tukio, hata matumizi ya redio. Somo la redio hudharauliwa sana, mpaka siku simu zinapokatika.

Majeruhi hupangwaje kwa rangi?

Njia inayojulikana zaidi ni START (kifupi cha Kiingereza, yaani upangaji rahisi na tiba ya haraka), iliyobuniwa Newport Beach, California, mwaka 1983. Nyekundu ni wa kuhudumiwa kwanza, njano anaweza kusubiri, kijani ameumia kidogo, nyeusi amekufa au hawezi kuokolewa. Kila mtu hupewa chini ya dakika moja. Kwanza unapaza sauti: anayeweza kutembea aje upande huu. Hao ni kijani. Kisha unawaendea waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Asiyepumua, mfungulie njia ya hewa. Akiendelea kutopumua ni nyeusi, akianza kupumua ni nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Kama ni 30 au chini, gusa mapigo kwenye kifundo cha mkono, usipoyapata, nyekundu. Yakiwepo, mwambie abane kidole chako: asipofuata ni nyekundu, akifuata ni njano. Katika mzunguko huu usitibu chochote isipokuwa kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayobubujika.

Kwa mtoto kuna nyongeza. Akiwa hapumui lakini mapigo yapo, mpulizie pumzi 5 kabla ya kumpa nyeusi, kwa sababu mtoto aghalabu hukata pumzi kwanza, moyo ukafuata baadaye.

Hukosewa wapi?

Daktari asiye na uzoefu hupiga magoti kwa anayepiga kelele zaidi, ilhali anayepiga kelele njia yake ya hewa iko wazi. Wa kumhofia ni aliyenyamaza. Kosa jingine ni kutoa rangi mara moja na kuisahau. Mtu wa kijani mwenye bandama iliyopasuka anaweza kuwa nyekundu baada ya nusu saa, hivyo mzunguko hurudiwa. Na ukigawa nyekundu kwa huruma, chumba cha upasuaji kitajaa watu wa njano.

Kwa nini aliyebanwa na kifusi asivutwe mara moja?

Msuli uliobanwa kwa saa kadhaa hufa, na ndani yake hujikusanya potasiamu na mayoglobini, protini ya msuli. Uzito ukiondolewa, vyote humiminika kwenye damu kwa pamoja. Potasiamu inaweza kuusimamisha moyo ndani ya dakika chache, na mayoglobini huharibu figo siku zinazofuata. Ndiyo maana mtu anaongea vizuri chini ya zege, anatolewa kwa shangwe, kisha anafariki. Dripu huanza angali amebanwa: maji ya chumvi ya asilimia 0.9, takriban lita 1 kwa saa kwa mtu mzima, pungufu kwa mzee au mwenye moyo dhaifu. Ringer's lactate, aina nyingine ya maji ya dripu, haitumiki hapa kwa kuwa ina potasiamu. Baadaye hupimwa mkojo: kiasi chake, na kama una rangi ya chai ya rangi. Tetemeko la Armenia la 1988 liliwaachia mamia figo zilizoshindwa kazi, na ndilo lililowafanya wataalamu wa figo duniani waunde kikosi chao cha maafa.

Vidonda vinashonwa palepale?

La. Kidonda cha kifusi kina vumbi na nyama iliyokufa, na ukikishona unafungia usaha ndani. Kioshe kwa maji mengi, kata kilichokufa, kifunike bila kukishona, mpe majeruhi kinga ya pepopunda, kishone siku ya 3 hadi ya 5 kikiwa safi.

Maiti zinaleta magonjwa ya mlipuko?

Waliokufa kwa majeraha, kwa kawaida hapana. Tahadhari kubwa ni kwa waliokufa kwa kipindupindu au Ebola. Kinachoua kambini ni maji machache na vyoo vichache. Kipimo kinachotumika ni lita 15 kwa mtu kwa siku.

Daktari anaweza kujiendea mwenyewe kusaidia nchi nyingine?

Asiende. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010, ambako timu za matibabu kutoka nje zilifika bila uwezo uliojulikana, Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya timu hizo mwaka 2013. Timu ya daraja la 2, yaani ya upasuaji na kulaza wagonjwa, kwa mfano, lazima imudu vitanda 20 na operesheni kubwa 7 kwa siku. Timu huja na maji, chakula, mahema na mafuta yake. Anayekuja na begi tu ni mdomo mwingine wa kulishwa.

Na siku zisizo na maafa?

Hizo ndizo nyingi. Anafanya kazi zamu za kawaida, na katikati yake anaandaa hospitali: wagonjwa wangapi wanaweza kuruhusiwa ndani ya saa moja, jenereta inabeba vyumba vipi, mlango upi ni wa majeruhi wepesi. Hawa hufika wa kwanza, kwa miguu au kwa magari ya watu, na wasipotengewa mlango wao huchukua vitanda kabla gari la wagonjwa halijaleta waliozimia. Orodha ya simu za watumishi hujaribiwa usiku, bila taarifa. Jaribio la kwanza karibu kila mara huonyesha namba zilizokwisha badilishwa.